Shazia

Mimi nashona magunia sokoni Kibaigwa,
mahindi, alizeti, msimu mwingine choroko.
Shazia yangu imemzidi umri mwanangu wa kwanza
na gumba langu limeota sugu nene kama kwato.

Jumamosi Perisi akanivuta hadi maktaba ya wilaya, Kongwa.
"Wanataka familia nzima, Baba.
Na Bibi aje. Tunatengeneza kitabu."
Nikamwambia, mimi na kitabu tunasalimiana kwa mbali
kama watu waliowahi kudaiana.
Akacheka. Tukapanda basi la saa mbili.

Ndani, meza zimeunganishwa.
Gundi ya unga wa ngano ndani ya kopo,
maboksi ya sabuni yaliyokatwa yawe majalada,
kalamu za rangi, na ile nyekundu
watoto wa Msanjila walishaimaliza kabla hatujakaa.
Mkutubi, Bi Damari, amefunga miwani kwa uzi sikioni.
Akasema: kila nyumba ina hadithi moja inayogombaniwa.
Tupeni hiyo.

Yetu ni ya punda.
Luteni, punda wa mama, aliyebeba maji kutoka Mlali
mwaka ule mtama ulipoungulia shambani.
Fisi walikuja usiku, wakamla,
hata kwato haikuonekana.
Ndivyo nilivyoambiwa. Ndivyo nilivyowaambia wanangu,
na mlio wa fisi nautia mwenyewe.

Mama akaanza kwa Kigogo, Perisi akaandika kwa Kiswahili,
akisita kila mara: "Bibi, neno hilo niliandikeje?"
"Liandike lilivyo. Likipotea litauliza njia."
Mimi nikachora masikio.
Lusito, kitinda mimba, akachora mvua.
Haikunyesha, nikamwambia, futa.
Bi Damari akasema, mwache.

Ukurasa wa sita nilikwisha chora fisi watatu
mama alipouweka mkono wake juu ya karatasi.
"Hakukuwa na fisi," akasema.
"Nilimuuza. Kwa mtu wa Pandambili.
Ilikuwa ada yako na sare, darasa la tatu."

Darasa la tatu ndilo nililoliacha
kabla hata ya Pasaka,
nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu
kwa kibuyu cha maziwa.

Perisi alikuwa ameinua kalamu, ananitazama.
Miaka thelathini na minne mama amefuga fisi wa uongo
ili mimi nisile aibu.
Andika, nikamwambia.
Na hao fisi waache. Weka maneno chini yao:
hawa hawakuwepo.

Ikaja zamu ya kubana kurasa. Mashine ya pini ikagoma,
karatasi zimenenepa kwa gundi.
Bi Damari akaigonga mezani, akaipuliza, akaigonga tena.
Nikachomoa shazia kwenye ukosi wa shati
inakoishi siku zote,
nikatoboa mgongo wa kitabu matundu matano,
nikapitisha uzi wa katani, nikaukaza kwa meno.
Baba Msanjila akasogeza cha kwao bila kusema.
Kisha yule mama wa Mtanana na pacha wake.
Nilishona vitabu saba siku ile
na hakuna aliyeniuliza nimesoma hadi wapi.

Chetu kikagongwa muhuri, kikapewa namba
kama mgonjwa anayelazwa.

Jumatano nikarudi peke yangu, vumbi la pumba mabegani,
nikitazame tu.
Rafu ya chini: pengo, upana wa vidole viwili.
"Kimeazimwa," akasema Bi Damari.
Akafungua daftari, akaweka kidole chini ya mstari, akangoja.
Nikavuka silabi moja moja kama mtu kwenye mawe ya korongo:
Ma-ti-ka Chi-da-wa-li, Ho-go-ro.

Luteni ameondoka tena.
Safari hii aliyemchukua tunamjua jina,
na siku ya kumrudisha imeandikwa kwa wino.